Neno "Shaka" na Safari Yake Hadi Ndani ya Biblia Yako



Leo naomba uvumilivu wako, maana ujumbe huu ni mrefu kuliko kawaida. Tafuta kikombe cha chai ukae. Nataka tulichukue neno moja dogo ambalo makanisani tunalitamka kila juma, tuliulize limetoka wapi, limepita wapi, na siku hizi tunalifanyia nini. Neno lenyewe ni SHAKA.

Umelisikia madhabahuni. "Hujapokea muujiza wako kwa sababu ya shaka!" "Shaka ni pepo, litoke!" Mtu amekuja na mtoto mgonjwa, anarudi nyumbani na mtoto yule yule mgonjwa, na juu yake ameongezewa mzigo wa pili: kwamba mtoto hakupona kwa sababu mama aliona shaka. Nimekaa na watu wa namna hiyo hapa Lamu na kule bara, na wengine waliacha dawa za sukari na za presha ili wasionekane wana shaka. Kwa hiyo usidhani tunacheza na kamusi leo.

Tuanze na bahari, kwa sababu neno hili lilikuja kwa bahari.

Shaka ni neno lenye asili ya Kiarabu, shakk. Pwani yetu imefanya biashara na watu wa ng'ambo kwa zaidi ya miaka elfu moja. Pale Shanga, kisiwani Pate, mwanaakiolojia Mark Horton alichimba katika miaka ya 1980 akakuta mabaki ya misikiti ambayo ya mwanzo kabisa ni ya karne ya 8. Majahazi yaliletwa na kaskazi na kurudi na kusi, na watu waliposhusha vyungu, nguo na tende, walishusha na maneno pia. Maneno ya dini yalizidi kuota mizizi kadiri elimu ya madrasa ilivyokua Pate, Siyu na Lamu. Kufikia mwaka 1728 kulikuwa na utenzi mrefu wa Tambuka ulioandikwa Pate kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Wakati huo hakuna hata aya moja ya Injili iliyokuwa imechapwa kwa lugha hii.

Sasa fikiria hili, mpendwa. Neno imani nalo ni la Kiarabu. Imani na shaka zilishuka bandari moja! Dhambi, sala, neema, Injili yenyewe, vyote tulivikuta vinywani mwa majirani zetu Waislamu kabla mmisionari hajafika. Mkristo wa Lamu anayedharau lugha ya jirani yake anakata tawi alilokalia.

Kwa Kiarabu, kitenzi cha shakk kina maana mbili zinazokaa pamoja. Moja ni kutokuwa na uhakika. Nyingine ni kuchoma, kama mtu anavyochomwa kwa mkuki au sindano. Anayejua shaka atakubali kwamba wenye lugha hawakukosea. Shaka huchoma. Uko katikati ya wimbo wa sifa, mikono iko juu, ghafla kitu kinakudunga: Je, Mungu ananisikia kweli?

(Wasomaji wa historia wataniuliza kuhusu mji wa kale wa Shaka, ule unaotajwa katika habari za Pate na za shujaa Fumo Liongo, huko upande wa Ozi. Huo ni mji, tuuache na habari zake. Siku moja tutauandikia.)

Kabla neno halijaingia katika Biblia yetu, lilikuwa na kazi zake pwani, na kazi hizo zina adabu ambayo mimi naihusudu. Chukua "siku ya shaka". Jirani yako Mwislamu ataijua. Mwezi wa Shaaban ukifika jioni ya tarehe 29, watu hutazama mwezi mwandamo. Usipothibitika, kesho yake ni tarehe 30, na siku hiyo inaitwa siku ya shaka, maana pengine mahali fulani mtu amesema ameuona na haikuthibitika. Wanachuoni wanafundisha kwamba usiifunge kama Ramadhani kwa kubahatisha. Unangoja. Shaka imepewa siku yake kwenye kalenda, ina jina, ina taratibu zake, na hakuna anayeambiwa ametoka katika dini kwa sababu mwezi haujaonekana.

Kuna na kanuni yao nyingine ya sheria, kwamba jambo la yakini haliondolewi na shaka. Mtu ametia udhu, ana hakika ametia. Baadaye moyo unamwambia labda umetanguka. Kwa kanuni hiyo, anabaki na ile hakika yake hadi apate hakika nyingine. Sitaji haya ili tuchanganye mafundisho. Wao wana yao na sisi tuna yetu. Nayataja kwa sababu ndiyo shule ambamo neno hili lililelewa. Wazee wa pwani walikuwa wakiliweka shaka mahali pake muda mrefu kabla sisi hatujaanza kulipigia kelele.

Na kuna MASHAKA. Hapa Kiswahili kimefanya jambo la ajabu. Kwa mantiki, mashaka yangekuwa shaka nyingi tu, basi. Lakini muulize mtu mzima wa pwani, "Umepata mashaka gani?" atakueleza habari za njaa, ugonjwa, chombo kuzama, deni la dukani. Mashaka ni taabu. Kuna watu wamepewa jina hilo kabisa, Mashaka, kama wengine wanavyoitwa Shida au Taabu, kwa sababu ya hali iliyokuwa nyumbani walipozaliwa. Lugha imeshuhudia kwamba mateso ya mwili na maswali ya moyo huwa vinatembea pamoja. Mtu akikwambia ana shaka na Mungu, kabla hujamfungulia somo la imani, muulize kwanza mashaka yake. Amekula? Nani ameugua? Kodi imelipwa?

Haya, tuje kwa watafsiri.

Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Mwaka huo huo alimzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga. Nataka ulikumbuke hilo: mtu aliyekuwa miongoni mwa wa kwanza kukusanya maneno ya Kiswahili kwa ajili ya Biblia alianza kazi hiyo akiwa na makaburi mawili ya nyumbani kwake. Kamusi yake kubwa ilichapwa London mwaka 1882, naye alikuwa ameshafariki mwaka uliotangulia. Kule Unguja, Edward Steere alifika mwaka 1864 akafanya kazi yake kwa Kiunguja. Mombasa nako William Taylor akafuata Kimvita. Kwa muda mrefu Mombasa na Unguja zilikuwa na maandiko yao tofauti, mpaka likaja wazo la tafsiri moja ya kuwaunganisha, na ile Biblia ya Union Version, ambayo wengi wetu tumeikariri, ikatoka kamili mwaka 1952. Kiamu chetu hakikuchaguliwa kuwa msingi. Lugha sanifu ilijengwa juu ya Kiunguja, nasi watu wa Lamu tukabaki na ndia yetu na ndaa yetu.

Sasa angalia watafsiri hao walivyolitumia shaka. Fungua Mathayo 14:31. Petro ametembea juu ya maji, ameona upepo, anazama. Yesu anamwuliza kwa nini "uliona shaka". Kuona! Kiswahili husema kuona njaa, kuona kiu, kuona baridi, kuona haya. Ni mambo yanayompata mtu. Mtu aliyeona njaa saa sita mchana hajageuka kuwa mtu mwingine. Ana njaa, na njaa inaisha kwa chakula. Sisemi sarufi ni fundisho la imani, lakini nadhani masikio ya pwani yalilisikia vizuri jambo hili.

Na usikose mpangilio wa aya yenyewe. Yesu alinyosha mkono akamshika Petro kwanza. Swali lilikuja Petro akiwa tayari ameshikwa. Wahubiri wengine tunauliza swali kwanza, mtu anazama huku tukimsubiri ajibu.

Kwa Kigiriki, neno alilotumia Mathayo hapo ni distazo, lenye mzizi wa "mbili", kama mtu aliyesimama kwenye njia panda. Katika Agano Jipya lote linatokea mara mbili tu, na zote ziko katika Mathayo. Ya kwanza ni hii ya Petro. Ya pili nitakuja nayo chini, usiniache.

Sasa nenda 2 Wakorintho 4:8. Paulo anaeleza hali yake na wenzake katika huduma, na Union Version inamfanya aseme "twaona shaka". Ndiyo, Paulo! Maneno yale yale aliyoambiwa Petro, mtume wa mataifa anajisemea mwenyewe, kisha anaongeza kwamba hawakati tamaa. Kigiriki cha hapo ni tofauti. Ni aporeo, na ndani yake mna poros, yaani kivuko, mahali pa kupita. Paulo anasema, hatuoni pa kupitia.

Wewe uliyewahi kutoka Lamu kwenda Faza au Kizingitini unaijua hali hiyo bila Kigiriki. Chombo kinafika Mkanda, pale kati ya Manda na bara, na maji yamekupwa. Mkondo umekuwa mwembamba, mchanga uko karibu, mikoko imesimama na mizizi nje. Nahodha anapunguza injini. Wakati mwingine anasimama kabisa. Abiria wageni wanaanza kunung'unika, wengine wanaangalia saa. Nahodha hana ugomvi na mtu. Hajasahau anakokwenda, wala hajageuza chombo kurudi Lamu, na hawezi kukisukuma kwa kelele. Maji yatajaa. Hiyo ndiyo aporia ya Paulo, na kwa Kiamu ungesema tu hakuna ndia kwa sasa.

Tena Paulo ni mkweli kuliko wengi wetu. Katika barua hiyo hiyo, sura ya 1 aya ya 8, anakiri kwamba kule Asia mambo yaliwazidi hata wakakata tamaa ya kuishi, na kitenzi cha Kigiriki ni kile kile anachokikana katika sura ya 4. Yaani kuna siku aliona shaka asikate tamaa, na kuna siku ilifika na huko. Aliandika zote mbili, na kanisa likazihifadhi kama Maandiko.

Najua ndugu mmoja ameshaandaa jibu: "Mchungaji, na Yakobo je?" Vizuri. Yakobo 1:6 anasema mwenye shaka ni kama wimbi la bahari linalosukumwa na upepo, na aya zinazofuata zinamwonya kwamba asitazamie kupokea kitu. Silipunguzi andiko hilo hata nukta moja. Anayesafiri nje ya visiwa wakati wa kusi anajua mawimbi hayo si ya mchezo. Yakobo anazungumza na mtu aliyeomba hekima kwa Mungu huku ana nia mbili, mguu mmoja kwa Mungu na mwingine kwingine, ameridhika kuyumba.

Lakini Yakobo alikuwa na ndugu. Yuda anajitambulisha katika aya ya kwanza ya waraka wake kuwa ndugu yake Yakobo, na kwa mapokeo ya kanisa hao wawili ni ndugu zake Bwana, waliolelewa nyumba moja Nazareti. Katika aya ya 22 Yuda anaagiza wale walio na shaka wahurumiwe. Kitenzi cha Kigiriki alichotumia Yakobo akionya ndicho alichotumia Yuda akiomba huruma. Ndugu wawili, neno moja! Na Yohana 7:5 inatuambia kwamba kuna wakati hata ndugu zake Yesu hawakumwamini. Kwa hiyo walijua wanachokizungumzia. Kanisa linalomhubiri Yakobo bila Yuda lina nusu ya familia.

Na Tomaso, maskini. Tunamwita Tomaso mwenye shaka, tumemfanya methali. Isome Yohana 20 katika Union Version, neno shaka halimo katika habari yake. Anaambiwa asiwe asiyeamini, ambalo ni jambo jingine. Na baada ya kuambiwa hivyo alitoa ungamo ambalo wanafunzi kumi wengine waliomtangulia kumwona Bwana hawakuandikiwa kulitoa.

Kuna mtoto mwingine wa neno hili ambaye sura zinafanana lakini tabia ni mbali. Kitenzi KUSHUKU ni cha mzizi ule ule. Kutokana nacho tumepata mshukiwa, neno la polisi na la taarifa ya habari. Shaka hutazama juu au ndani: Mungu yuko wapi, mimi nasimama wapi. Kushuku hutazama pembeni, kwa jirani. Na Biblia yetu imevitenganisha. Yuda anawahurumia walio na shaka, lakini 1 Timotheo 6:4 inaitaja "shuku mbaya" katika orodha moja na husuda, ugomvi na matukano.

Sisi wa Lamu tunajua shuku ni nini. Usiku wa Juni 15, 2014, Mpeketoni ilishambuliwa, na katika usiku huo na uliofuata watu zaidi ya 60 wakauawa. Kukaja amri ya kutotoka nje usiku, na uvuvi wa usiku ukapigwa marufuku. Wavuvi wasiohusika na lolote wakakosa riziki. Lakini kuna kitu kingine kilichokuwa kigumu kuondoa kuliko amri: macho. Mkristo alimtazama Mwislamu aliyemjua miaka mingi kana kwamba hamjui, naye akatazamwa vivyo hivyo. Makanisani humo humo tulikuwa tukikemea shaka kwa nguvu zote, na shuku ikawa imekaa viti vya mbele, imevaa suti, hakuna aliyeigusa.

Halafu ikaja Shakahola, mwaka 2023, jirani zetu wa Kilifi. Zaidi ya miili 400 ilifukuliwa katika msitu ule. Watu waliofundishwa kwamba wakifunga hadi kufa watakutana na Yesu, na watoto wao kati yao. Nimekaa na jambo hilo muda mrefu kama mchungaji wa pwani. Mtu mmoja angesimama mapema akasema, "Mchungaji, hapa naona shaka, nionyeshe andiko," je, hilo lingekuwa pepo? Waberoya katika Matendo 17:11 walikuwa wakiyachunguza Maandiko kila siku waone kama mambo waliyoambiwa ndivyo yalivyo, na aliyekuwa akiwahubiria ni Paulo. Luka anawaita waungwana kwa sababu hiyo. Palipo na mhubiri anayekataza maswali kwa kisingizio kwamba yeye ni mpakwa mafuta, hapo shaka lako ni mlinzi. Msikilize mlinzi. Usimfukuze langoni halafu ulale.

Ndiyo maana dada mmoja aliponiuliza majuzi kama anaweza kuendelea kuimba kwaya wakati tangu mumewe afariki hana uhakika kama Mungu anasikia, nilimwambia aimbe. Na kama hawezi kuimba, akae katikati ya wanaoimba.

Nilikuahidi ile distazo ya pili. Iko Mathayo 28:17. Yesu amefufuka, wanafunzi kumi na mmoja wako mlimani Galilaya, wamemwona kwa macho, wamemsujudia, na aya inasema baadhi yao waliona shaka. Wako kwenye ibada, wamepiga magoti, na wanaona shaka, wakati mmoja! Tazama anachofanya Bwana. Hakuwapanga mistari miwili. Hakumwambia yeyote abaki nyuma mpaka apone. Aya inayofuata anawakaribia, wote, akasema nao, na katika ile ya 19 anawatuma wote kumi na mmoja kwa mataifa yote.

Soma Zaburi 73 jioni hii, taratibu, uone Asafu alilipeleka wapi shaka lake. Maombi ya katikati ya juma ni Jumatano saa kumi na moja jioni, na baada ya maombi huwa nabaki kwa ajili ya maswali. Anayetoka visiwani aangalie maji kabla ya kuondoka.